Siku za Mtu Huru

Neno uhuru limepata bahati mbaya ya kupendwa na kila mtu. Mfalme hulinena, tajiri hulinena, askari hulinena, na mfungwa hulinena kwa haki kuliko wote hao. Lakini katika karne hii na ile iliyotangulia limepata mchumba mmoja mwenye sauti kubwa kupita wengine, naye ni fundisho la ubepari. Fundisho hilo hudai kwamba uhuru na soko ni kitu kimoja. Kwamba mtu ambaye hakupigwa, hakufungwa wala hakutishwa, akatia kidole chake juu ya mkataba, ametenda kwa hiari yake na hana la kulalamikia. Halina upungufu wa wanachuoni. Friedrich Hayek alilitetea katika The Road to Serfdom, kitabu cha mwaka wa 1944, na Milton Friedman akalipa umbo jepesi zaidi katika Capitalism and Freedom cha mwaka wa 1962. Majina hayo yatosha kwa sasa, maana fundisho lenyewe halikuzaliwa vitabuni wala halikujaribiwa kwanza vitabuni. Lilijaribiwa mashambani, na miongoni mwa mashamba hayo yamo ya mikarafuu ya Unguja na Pemba.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, hali akisukumwa na Uingereza, alitoa amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria. Amri ile hukumbukwa kwa kichwa chake na kusahauliwa kwa vifungu vyake. Haikumfanya mtumwa huru asubuhi ile. Ilimruhusu aende mahakamani akaombe uhuru wake, mmoja mmoja. Bwana aliyethibitisha kwamba alimmiliki kwa halali alistahili fidia. Mtumwa aliyechuma karafuu miaka ishirini bila ujira hakustahili kitu. Masuria waliwekwa kando, wakahesabiwa kuwa watu wa nyumbani, na sheria haikuwafikia barabara mpaka mwaka wa 1909. Tena kila aliyekubaliwa kuwa huru alipaswa kulipa kodi ambazo serikali ingependa kutoza, na kuonyesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki. Akishindwa, atangazwe mzururaji.

Kifungu hiki chastahili kusomwa polepole, kwa kuwa siri yote ya fundisho imelala ndani yake. Kibanda alichokaa mtumwa kilisimama juu ya ardhi ya bwana. Muhogo alioula ulimea katika ardhi ya bwana. Kuomba uhuru kulikuwa ni kuvihatarisha vyote viwili kwa siku moja, na kutokuwa navyo kulikuwa ni kosa. Basi mtu huru mpya alibakiwa na hiari ya kurudi kwa bwana yule yule, au kwa mwingine mfano wake, akapatana naye mbele ya afisa wa serikali kutoa siku kadhaa za kazi kila juma kwa ajili ya kibanda na kijishamba. Mapatano hayo yaliitwa mkataba. Hapana aliyempiga, hapana aliyemfunga. Sheria ilisimama pembeni na kushuhudia hiari yake. Arthur Hardinge, aliyekuwa balozi wa Uingereza katika miaka ile, alihofia kwa uwazi kwamba ukombozi wa ghafula ungeyaharibu mashamba na mapato ya dola, na amri ilitungwa kwa namna ya kuituliza hofu hiyo. Hofu ya aliyekombolewa haikupata kifungu.

Waingereza hawakuyabuni haya Unguja. Sheria yao ya mwaka wa 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni iliwapa wenye watumwa paundi milioni 20, na deni lililotokana na malipo hayo halikumalizika kulipwa na walipa kodi wa Uingereza mpaka mwaka wa 2015. Waliokombolewa waliongezewa miaka ya kazi ya lazima iliyopambwa kwa jina la uanagenzi, hata ilipokatishwa mwaka wa 1838. Walipoanza, huko Jamaika na visiwa jirani, kulima vijishamba vyao na kuyapa kisogo mashamba ya miwa, Thomas Carlyle aliandika mwaka wa 1849 makala ya hasira katika Fraser's Magazine, akiwashutumu kwa kukaa na kula maboga hali miwa yaoza. John Stuart Mill alimjibu mwaka uliofuata kwa ushujaa. Lakini Mill huyo huyo, aliyekula mshahara wa Kampuni ya Mashariki ya India kwa miaka 35, alisema katika kitabu chake cha mwaka wa 1859 juu ya uhuru kwamba kanuni zake hazikukusudiwa kwa watu aliowaona hawajapevuka kwa ustaarabu. Hivyo ndivyo mlango wa uhuru ulivyofunguliwa na bawabu akawekwa papo hapo.

Boga la Carlyle lataka kuangaliwa. Boga si uvivu. Boga hulimwa, hupaliliwa, huchungwa na wadudu na wezi, hubebwa kichwani mpaka sokoni. Mtu aliyelima boga amefanya kazi. Ubaya wa boga machoni pa Carlyle ulikuwa kwamba aliyelipanda ndiye aliyelila, na kati ya mkono na kinywa hapakuwa na mtu wa tatu wa kupata faida. Kazi ambayo haina bwana haikuhesabiwa kuwa kazi. Kila mahali ambapo ubepari umehubiri uhuru kwa watu waliotoka utumwani, jambo hili limejirudia: mtu ahimizwe kuwa huru, kisha alaumiwe anapoutumia uhuru wake kwa namna isiyomtajirisha mwingine.

Katika mashamba ya Unguja mazoea ya zamani yalimwachia mtumwa siku mbili za juma, Alhamisi na Ijumaa, alime muhogo wake, apumzike, aswali. Siku tano zilikuwa za bwana. Baada ya mwaka wa 1897 waliokombolewa walizitaka zile tano. Madai yao hayakuandikwa kitabuni, wala hapana mwanafalsafa aliyeyatia muhuri, lakini yasomeka wazi katika yale waliyoyakubali na yale waliyoyakataa. Walikubali kuchuma karafuu wakati wa msimu, ambapo malipo yalihesabiwa kwa pishi na kila mtu alijua kikomo cha kazi yake. Walikataa kupalilia mwaka mzima chini ya macho ya msimamizi. Walikubali kukaa katika shamba la mtu na kupanda muhogo katikati ya mikarafuu, jambo ambalo lilimsafishia mwenye shamba magugu yake. Walichukia kurudishwa katika hesabu ya siku kama ilivyokuwa zamani. Mwenye shamba naye alikuwa na hadhari yake: alimruhusu mkaaji kupanda muhogo na mboga, ila si mnazi wala mkarafuu, kwa kuwa katika mila za pwani mti wa kudumu ni mali ya aliyeupanda hata kama ardhi ni ya mwingine. Muhogo hung'olewa kabla ya miaka miwili. Mnazi humzika aliyeupanda na kumlisha mjukuu wake. Katika tofauti hii ya mimea miwili mna elimu ya siasa kupita vitabu vingi.

Maafisa waliandika kwamba watu hawa ni wavivu. Uvivu ule ulivua samaki, ulichukua mizigo bandarini, ulisokota kamba za makumbi, ulisuka ukili, ulilima mboga zilizolisha mji, na ulijenga mtaa mzima wa Ng'ambo kwa fito na udongo. Wakati huo huo, mwenye shamba aliyeishi mjini kwa faida ya mikarafuu asiyojua idadi yake hakuandikwa mvivu katika taarifa yoyote. Lugha ya uchumi ina adabu kubwa mbele ya matajiri.

Basi hawa walitaka nini? Kiswahili kina maneno mawili mahali hapa, na tofauti yake haikuwapotea. Huru ni mtu asiyemilikiwa. Jina hili laweza kutolewa na kadhi au hakimu kwa karatasi. Muungwana ni mtu mwenye mahali: ana jamaa, ana nyumba, ana nguo ya heshima, ana neno lisikiwalo, na akifa ana watu wa kumwosha na kumzika. Karatasi haiwezi kutoa haya. Yafaa kukiri, kwa kuwa wako wanaoipaka asali mila ya zamani, kwamba uungwana ule ulikuwa umejengwa juu ya migongo ya watumwa. Hapakuwa na muungwana pasipo mtwana wa kumpimia kimo chake. Atakayeurejesha kama ulivyokuwa atarejesha na utumwa. Lakini waliokombolewa hawakuuchukua mzima. Waliukata nusu yake wakaitwaa: walitaka mahali, jamaa na heshima, bila ya kumweka mtu chini ya miguu. Si wote, bila shaka. Wako waliojitafutia watu wa kuwatumikia mara walipopata nafasi, maana utumwa haufundishi wema. Wanawake ambao zamani hawakuruhusiwa mavazi ya kiungwana walivaa kanga za fasheni na, baadaye, buibui. Watu walibadili majina ya asili waliyojiandikisha katika hesabu za serikali. Mtazamaji wa haraka husema hayo ni mambo ya mapambo. Lakini usawa wa watu hawa ulikuwa ndani ya mapambo hayo, kwa sababu aliyewahi kunyimwa kiatu na kilemba ajua kwamba usawa huanza pale jicho la jirani linapotua.

Mwaka wa 1928 fikira hii ilitoka nje ikasimama barabarani. Wakaaji wa Ng'ambo walimiliki vibanda vyao, lakini viwanja vilikuwa vya wengine. Hapo awali wenye ardhi wengi walimwachia mtu kiwanja ajenge, kwa kuwa mkaaji alikuwa mtu wake, mwenye kumpa heshima na kumfuata, na pango halikutajwa. Thamani ya ardhi ya mji ilipopanda, ukarimu uligeuzwa kuwa hesabu: pango likatozwa, likapandishwa, na asiyelipa akafikishwa mahakamani. Watu wakagoma kulipa. Wanawake, ambao wengi wao walikuwa wenye nyumba, walikuwa mstari wa mbele. Kwa sheria ya mikataba wagomaji hawakuwa na hoja hata moja: ardhi si yao, mwenye mali ana haki ya kupanga bei, asiyetaka ahame. Wao walikuwa na hoja nyingine. Waliona kwamba mahali ambapo mtu amejenga, amezaa na amezika, pana haki ambayo haikuandikwa na bei haiwezi kuifuta. Hoja hii haikutoka Moscow wala London. Ilitoka mtaani, kwa watu ambao baba na mama zao walikuwa wameuzwa kwa bei, na kwa hiyo walijua vema kuliko profesa yeyote ni vitu gani bei haipaswi kuvigusa.

Mtu apendaye ushahidi wa karibu zaidi na auangalie msamiati wa kazi. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku alipewa kijikaratasi, na ujira wake aligawana na bwana. Jina la karatasi likamwangukia mtu, na limebaki juu ya mfanyakazi wa siku mpaka leo, ingawa bwana wa kugawana naye amebadili sura. Katika Tanganyika, tangu zama za Wadachi, mfanyakazi wa shamba alipewa kipande chenye nafasi za siku thelathini za kazi, na ujira ulitoka kipande kilipojaa. Siku ambayo msimamizi hakuridhika nayo haikutiwa alama, nayo ikapotea kama haikuwahi kuchwa. Katika Kenya kipande kilikuwa hati yenye alama za vidole, iliyotumiwa tangu karibu mwaka wa 1920, ambayo mwanamume Mwafrika alitembea nayo ikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Katika mkonge wa Tanganyika walikuwapo manamba, watu wa mkataba walioletwa kutoka Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi, na tangu mwaka wa 1944 wakasafirishwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la Silabu. Manamba ni namba. Barua, kipande, namba: haya ndiyo majina ambayo Kiswahili kilimpa mtu aliyeambiwa kuwa yu huru kuuza nguvu zake. Hakuna kamusi iliyotungwa kwa njama ya wapinzani wa ubepari. Watu walitaja walichokiona.

Watetezi wa soko watasema kwamba hayo yote yalikuwa mabavu ya dola, na dola si soko. Jibu hili husikika mara nyingi na lina heshima yake, maana Hayek mwenyewe aliichukia dola iingiliayo. Lakini historia ya Afrika ya Mashariki yalikataa. Soko la kazi halikukutwa likingoja chini ya mwembe, lilitengenezwa. Kwanza ardhi ilichukuliwa: sheria ya ardhi ya Kenya ya mwaka wa 1915 iliwawezesha walowezi kukodi kwa miaka 999. Kisha kodi ilitozwa kwa fedha, ambayo haimei shambani. Mwaka wa 1913 Gavana Henry Belfield hakuona haya kutamka kwamba kodi ndiyo njia pekee ya kumtoa Mwafrika katika ardhi yake akatafute kazi. Kisha mkataba wenyewe ukatiwa meno. Katika Uingereza, Bunge lilikuwa limefuta tangu mwaka wa 1875 adhabu ya kifungo kwa mfanyakazi avunjaye mapatano ya kazi, kwa kuwa iliaibisha jina la uhuru. Mwaka wa 1906 sheria ya mabwana na watumishi ikatungwa katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, na mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda akawa mhalifu wa kufungwa. Basi mkataba ule ule ulikuwa tendo la hiari katika Manchester na pingu katika Nairobi. Itasemwaje tena kwamba mabavu yalikuwa nje ya soko, hali yeye ndiye mkunga aliyelizalisha na yaya aliyelilea?

Hata hivyo haki ya mshindani haifai kufichwa. Ujira uliwafungua watu wengi. Kijana aliyekuwa chini ya wazee wenye ng'ombe, ambao bila wao hakuweza kuoa, alipata mjini fedha yake mwenyewe. Mwanamke aliyekimbia ndoa mbaya alipika maandazi na vitumbua akauza, akapanga chumba, asimpigie mtu magoti. Anayeisifu jamaa ya zamani bila kumuuliza mwanamke huyo hajafanya uchunguzi. Soko lilimpa mlango wa kutokea, na mlango si kitu kidogo. Lakini hoja hii yathibitisha jambo jingine kuliko wapendavyo wanaoitoa. Mwanamke yule alikuwa huru kwa sababu kikaango, unga na siku zilikuwa zake. Siku alipofilisika akaenda kufua nguo katika nyumba ya watu kwa mwezi, soko halikuondoka, bali uhuru wake ulipungua.

Friedman, kwa sifa yake, aliliona shimo hili akapita kandokando yake. Alisema kwamba mapatano ni ya hiari kweli iwapo kila upande una uwezo halisi wa kutoyaingia. Ni sharti jema kabisa. Yahitaji kushangaa tu kwamba mtu aliyeliweka aliweza kuandika kurasa nyingi baada yake kana kwamba limekwisha timizwa. Uwezo wa kutoingia katika mkataba hauumbwi na mkataba. Huumbwa na shamba la kurudia, ghala lenye chakula, jamaa wa kumwegemea, shule isiyodai ada, dawa isiyodai rehani. Mtu mwenye hayo akienda kufanya kazi kwa mwingine amekwenda kwa hiari. Asiye nayo amekwenda, basi. Rousseau alikwisha sema katika Mkataba wa Jamii, mwaka wa 1762, kwamba usawa autakao si wa watu kupimwa kwa mizani moja, bali kwamba asiwepo tajiri wa kutosha kumnunua mwenziwe wala maskini wa kulazimika kujiuza. Watumwa wa zamani wa Ng'ambo hawakumsoma, wala hawakuhitaji.

Yapo sasa yale yanayowahusu maadui wa ubepari, nao wasichekelee mapema. Mwalimu Julius Nyerere aliandika mwaka wa 1962 kijitabu juu ya ujamaa, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Ndani ya Azimio mlikuwa na fikira ambayo ingefahamika mara moja kwa mkaaji wa shamba la mikarafuu: kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwingine, na kwamba kiongozi asipangishe nyumba wala asiwe na mishahara miwili. Katika Songea, kabla ya Azimio hilo, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilikuwa kimekwisha anza kuishi hivyo. Vijiji vyake, Litowa kikiwa cha mbele, vililima pamoja kwa uamuzi wa wanavijiji wenyewe, vilijadili mazao na mgawo mkutanoni, vikajenga shule iliyofungamana na maisha ya kijiji. Palikuwa na usawa usioamriwa. Mwezi wa Septemba 1969 chama cha TANU kilikivunja, na mali zake zikachukuliwa. Wakuu hawakuvumilia kwamba watu wawe wajamaa bila kuomba ruhusa.

Yaliyofuata yalikuwa na mantiki ya huzuni. Mwaka wa 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa 1976 kila mkulima awe amehamia. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikichomwa ili wasirudi, wakiacha miembe na minazi iliyopandwa na babu zao. Mwaka wa 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam wakapelekwa mashambani. Soma tena kifungu cha mzururaji cha mwaka wa 1897 kando ya sheria hii ya 1983. Sultani, balozi na katibu wa chama walikuwa watu wa dini, mataifa na nadharia mbalimbali, lakini katika jambo moja walisali nyuma ya imamu mmoja: waliamini kwamba siku ya maskini si yake, na kwamba asipoonekana akimtumikia mwenye shamba au taifa, basi anaiba. Mjamaa aliyemlazimisha mtu kulima shamba la kijiji kwa zamu na faini hakuuvunja ubepari; alichukua saa yake tu na kuitundika ukuta mwingine.

Kwa hiyo hoja ya wale wanaosema kwamba ujamaa ulishindwa na hivyo ubepari umethibitishwa haina miguu. Ulioshindwa ulikuwa ni ulazima, na ulazima ni ndugu wa ubepari wa Kiafrika tangu utotoni. Mwaka wa 1986 Tanzania ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mapatano hayo yalifanywa na nchi iliyokuwa imeishiwa fedha za kigeni, mafuta na dawa. Yaani nchi nzima iliingia mkataba kwa hiari ile ile ya mtu aliyetoka mahakamani na karatasi yake ya uhuru bila kibanda. Mwaka wa 1991 viongozi wa chama, katika yale yaliyoitwa Azimio la Zanzibar, waliruhusiwa tena hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Waliojifungulia mlango walikuwa wale wale waliokuwa na funguo.

Katika mitaa ya Dar es Salaam hivi leo neno mkataba limeshuka kutoka vitabu vya sheria likapanda pikipiki. Kijana asiye na mtaji huchukua pikipiki ya mtu kwa mkataba. Kila siku huleta hesabu, kiasi kilichopangwa, abiria wawepo wasiwepo, mvua inyeshe isinyeshe, na baada ya mwaka au zaidi pikipiki huwa yake. Akikosa hesabu siku chache, huweza kunyang'anywa pamoja na yote aliyokwisha lipa. Wachumi wa magazeti humwita mjasiriamali. Yeye mwenyewe, akiulizwa, hutofautisha mambo kwa usahihi zaidi: asema yuko kwenye mkataba, na ataanza kujifanyia kazi mkataba utakapokwisha. Dereva wa gari liitwalo kwa simu ana jina zuri zaidi, aitwa mshirika. Lakini mshirika huyu hapangi nauli, haoni hesabu za ushirika wake, na aweza kufungiwa nje na mashine ambayo haina ofisi ya kubisha hodi. Mwaka wa 2022 mamlaka ya usafiri ya Tanzania iliposhusha kiwango cha juu cha kamisheni hadi asilimia 15, kampuni moja kubwa ya kigeni ilisimamisha huduma zake nchini. Ikadhihirika ni nani kati ya washirika aliyekuwa na uwezo halisi wa kutoingia katika mapatano.

Liko jambo jingine ambalo waandishi wa uchumi hawaliangalii, pengine kwa sababu halina ofisi. Katika baadhi ya vijiwe waendesha pikipiki hukataa kungoja tajiri. Hutoa mchango kila siku jioni, fedha ikatunzwa na mmoja wao, na ikifika bei wakamnunulia mwenzao pikipiki. Kisha wakaanza tena kwa ajili ya wa pili. Aliyekwisha pata huendelea kutoa kama zamani, na asiyetoa hufuatwa nyumbani na watu wanaomjua. Zamu hupangwa kwa kura, ila mwenye msiba au mgonjwa nyumbani husogezwa mbele.